Somo: Kuchora, kusuka na kuhadithia na mtoto wa kulea

Assalaamu alaykum wanachama. Somo hili ni la mliochukua watoto kwa kafala, yaani kumlea mtoto wa mwengine bila ya kumfanya wa nasaba yako, na mlioachiwa watoto wa ndugu. Tiba kwa sanaa ni kazi ya mtaalamu aliyeisomea, nyumbani hatutibu. Tunampa mtoto pa kuyaweka yale ambayo mdomo wake bado haujayaweza. Na jambo moja nalishikilia: sanaa isiwe ya kumsahaulisha kwao. Kafala haimfutii mtoto nasaba. Suurat Al-Ahzab, aya ya 5, inaagiza waitwe kwa baba zao, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, inaitambua kafala. Basi wazazi wake watajwe ndani ya sanaa hiyo bila ya watu kushusha sauti.

Hatua ya 1: Wakati na pahala. Nusu saa baada ya laasiri, siku asiyokwenda chuo cha Qurani. Jamvi lile lile, kona ile ile. Mtoto aliyehamishwahamishwa hutulia akijua kinachofuata. Simu ibaki chumbani.

Hatua ya 2: Anzeni na mikono. Msikimbilie kuchora, karatasi tupu huwatisha baadhi ya watoto, wakaiona mtihani wa skuli. Mwenye kupata miyaa au ukindu, kusuka ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, ndiko ninakokupenda zaidi. Loweni miyaa kidogo isikatike, mkubwa aanze, mtoto aendeleze. Kaeni ubavu kwa ubavu. Macho yakiwa kwenye vidole, maneno hutoka yenyewe: "Mama akisuka mpana kuliko huu." Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu, tunarukia: mama yupi, lini, ulikuwa wapi? Itikia tu, "Ehe, mpana," na mkono uendelee. Akinyamaza, nyamaza naye. Ukili ukienda upogo uacheni. Ukiufumua usiku ili uusuke vizuri, asubuhi atajua kazi yake haikufaa.

Hatua ya 3: Kuchora. Nawe uwe na karatasi yako. Usimuulize "Hiki nini?" Sema unachokiona: "Nyumba hii naona haina mlango." Akitaka ataeleza. Usiwaonyeshe wageni picha yake bila ya idhini yake, hata akiwa na miaka minne.

Hatua ya 4: Sanduku la kwao. Boksi la viatu linatosha, alipambe mwenyewe. Humo kuna picha, tasbihi ya babu, kipande cha kanga ya mama. Kanga hiyo msiifue! Harufu ndiyo iliyobaki.

Hatua ya 5: Hadithi. "Paukwa!" "Pakawa!" Kisha mhadithie habari za kijipaa kilichohama msitu. Mtoto atakurekebisha: "Hapana, hakikulia, kilinyamaza." Fuata anavyosema yeye. Ila msimtungie uongo juu ya wazazi wake halisi; siku moja jirani atamwambia ukweli, na hadithi zako zote zitaanguka.

Hatua ya 6: Mdundo. Dumu tupu. Yeye apige, wewe ujibu. Akiwa na hasira, anza kwa kasi yake, kisha punguza pole pole. Usianze pole pole, ataona humsikii.

Masuali ya wanachama

*Mama, Wete:* Mume wangu hataki picha za viumbe ndani. Nifanyeje?

Mheshimu, na hutokosa kitu. Chora mashua, miti, nyumba, au rangi tupu. Wanazuoni wametofautiana kuhusu picha, lakini imepokewa kwamba Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wa kuchezea, na wanazuoni wengi wakawaruhusia watoto wanasesere hao. Zungumzeni na sheikh mnayemwamini. Ukili na hadithi havina mzozo.

*Babu, Jang'ombe:* Mjukuu anatumia rangi nyeusi tu. Ana jini?

La, babu. Pengine kalamu nyeusi ndiyo inayokoza. Rangi peke yake haisemi kitu. Tazama usingizi, chakula na kucheza na wenzake. Akijiumiza, akiigiza mambo ya wakubwa ya chumbani, au akiwa na hofu isiyokwisha, wacha sanaa pembeni na usimhoji mwenyewe. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo aliyefanyiwa ukatili hupata huduma zote pahala pamoja. Mnazi Mmoja kipo na Chake Chake kipo. Simu ya watoto ni 116, haitozwi.

*Shangazi, Makunduchi:* Niliowazaa wanaona wivu, wanasema mgeni ana siku yake.

Wana haki kuona hivyo. Wape na wao siku yao, hata robo saa. Mkeka mmoja wa pamoja pia unasaidia, kila mmoja ukili wake na rangi yake, kisha mzishone pamoja. Lakini nusu saa ya mtoto wa kulea msiivunje ili wengine waridhike.

*Baba mlezi, Mkoani:* Mama yake mzazi yu hai, huja sikukuu. Akija mtoto hukojoa kitandani siku tatu. Nimzuie?

Kukojoa si dalili kwamba mama mbaya. Kuachana naye ndiko kunakomshinda. Kama hakuna amri ya mahakama wala hatari, msimzuie. Mwambieni afundishe wimbo mmoja aliokuwa akimbembelezea, mrikodi kwenye simu, na usiku wa kuondoka kwake mtoto ausikilize akitaka. Shuka mbadilishie bila ya maneno. Ikizidi wiki mbili tatu, mpelekeni kituo cha afya. Huenda ikawa ni maradhi ya mkojo tu yanayomsumbua.