Unakuzaje kampuni ndogo ya intaneti ya wayalesi wakati wakubwa wameshajaa sokoni

Hii namwandikia yule ambaye tayari ana mnara mmoja au miwili, wateja kama mia hivi wa kufungiwa antena juu ya paa, na kila akichungulia anaona kampuni kubwa za simu zinapita na matangazo yao, anabaki kujiuliza hivi mimi nitatokea wapi. Kama hata leseni bado hujachukua soma tu, ila mengine humu utayaelewa vizuri yakishakukuta. Mimi nimeanza kwa kupanda minara, baadaye nikahamishiwa kupokea simu za malalamiko, na kusema ukweli kwenye zile simu ndo nilijifunza biashara, juu ya mnara nilijifunza tu kuogopa upepo.

Cha kwanza, acha kuhesabu wateja wapya peke yao. Fungua daftari uandike kila mwezi walioondoka ni wangapi. Tuseme una wateja 500 na kila mwezi inaondoka asilimia 3, unaona ndogo eeh? Hao ni watu 15, yani mafundi wako wanafunga antena 15 kila mwezi ili mbaki palepale mlipokuwa. Na asilimia 3 kwa mwezi maana yake mteja wa wastani anakaa nawe miezi kama 33, ukiishusha ikawa moja na nusu anakaa miezi kama 67. Sasa kama gharama ya kile kifaa cha juu ya paa na kazi ya kukifunga inarudi ndani ya miezi 10, fanya hesabu mwenyewe hiyo miezi inayobaki ni mingapi kwa huyu na mingapi kwa yule. Ukuaji uko hapo. Matangazo ni ya kuongezea tu.

Swali linalofuata ni kwanini wanaondoka, na jibu karibu kila siku ni usiku. Mchana mtandao unapepea, saa mbili usiku watu wamerudi nyumbani kila mtu anaangalia video, unakufa. Mteja hajali kwamba asubuhi ulikuwa unakimbia, asubuhi yeye hayupo.

Hapa lazima uelewe mnara unafanyaje kazi, na nitakaa kidogo maana ndo kiini cha biashara yote. Antena ya sekta, yani ile ya mnarani inayohudumia upande mmoja, inawahudumia wateja wake kwa zamu, inaongea na mmoja, inamwacha, inaongea na mwingine, haraka sana mpaka unaona kama wote wanapata kwa pamoja. Kwahiyo unachouza siyo megabiti, unauza muda wa ile antena. Mteja mwenye mawimbi mazuri ambaye linki yake, yani muunganisho wa antena yake na mnara, inasoma megabiti 200 akivuta 10 amekula asilimia 5 ya muda wa sekta. Yule uliyemlazimisha kumfunga nyuma ya miti, linki yake inasoma 20, naye akivuta hizohizo 10 amekula nusu nzima! Wanalipa bei moja. Na wakati anakula hiyo nusu, jirani zake wenye mawimbi safi wanakupigia simu kulalamika, wewe unaangalia mawimbi yao unaona mbona yako vizuri, unawaambia wazime ruta wawashe. Nimewaambia watu wengi sana wazime wawashe, na tatizo halikuwa kwao hata kidogo.

Kwahiyo weka mstari na usiuvuke. Mimi mstari wangu ulikuwa nguvu ya mawimbi ya -65 dBm (hicho ni kipimo cha desibeli, -70 ni dhaifu kuliko -65), chini ya hapo fundi anashuka na ngazi yake, anaomba radhi, hafungi. Watu wa mauzo watakuchukia, waache wakuchukie. Na mteja uliyemkataa kwa heshima ukamwambia tukiweka mnara upande huu tutakupigia, andika jina lake na mahali alipo, ile orodha ndo ramani ya mnara wako ujao. Wengi wanajenga mnara kwa kukisia, wewe jenga ukiwa na majina 40 mkononi.

Mstari wa pili ni wa sekta iliyojaa. Angalia matumizi ya kila sekta kati ya saa mbili na saa tano usiku, ikifika asilimia 70 au 80 ya muda wake funga mauzo upande ule mpaka uongeze antena nyingine au uigawe. Najua inauma, mtu kashika hela mkononi anataka kulipa wewe unamwambia subiri. Kampuni moja niliyofanyia kazi haikuweza, kulikuwa na ofa, watu wakamiminika, meneja kafurahi, sekta zikajazwa mpaka zikatapika. Miezi mitatu mbele wapya wameondoka na wale wa zamani wakaondoka nao, wale waliokuwa wanalipa kwa wakati bila kukumbushwa. Ofa ilitula sisi.

Sasa ukue wapi? Karibu na ulipo. Kishawishi cha kila anayeanza ni kurusha mbali, unaona kifaa kimeandikwa kilomita 20 unadhani umetawala nchi. Umbali ukizidishwa mara mbili mawimbi yanapungua desibeli 6, hiyo ni robo ya nguvu ndo inayofika, na hapo hujagusa kikwazo chochote. Alafu kuna kitu kinaitwa eneo la Fresnel, yani mawimbi hayapiti kama uzi, yanavimba katikati kama yai refu. Kwenye linki ya kilomita 5 kwa gigahezi 5.8 lile yai katikati lina nusu-upana wa mita 8 hivi, na unatakiwa angalau asilimia 60 iwe wazi, yani karibu mita 5 juu ya kila kitu. Kuiona tu ile paa kwa macho haitoshi, na mti unakua jamani, linki iliyokuwa nzuri mwaka wa kwanza mwaka wa tatu inaanza kusumbua msimu wa majani na hakuna mtu aliyegusa kitu. Wateja 80 ndani ya kilomita 2 wana faida kuliko 80 waliotawanyika kilomita 15, fundi mmoja anawafikia haraka na jirani anamwambia jirani.

Masafa nayo, yani mawimbi unayorushia. Gigahezi 2.4 kwa kuuzia sahau, ina chaneli 3 tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na kila nyumba ina ruta inapiga kelele humo. Gigahezi 5 ndo mkate wako, ila kuna sehemu ya masafa hayo ambayo kifaa kinatakiwa kihame chenyewe kikisikia rada, kwahiyo ukipanga linki kubwa humo ujue siku moja itaruka chaneli saa ya jioni. Gigahezi 60 inabeba mzigo mkubwa lakini oksijeni yenyewe ya hewani inaimeza, desibeli kama 15 kwa kilomita, na mvua inaongezea, basi itumie kwa karibu. Linki inayoleta intaneti mnarani, hiyo ukipata hela ihamishie kwenye masafa ya leseni, usilale na mnara mzima ukiwa unategemea chaneli ambayo yeyote anaweza kuikalia kesho.

Tukumbushane na hii, masafa haya ya bure hayakushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ndo iliruhusu watu watumie mawimbi kadhaa bila leseni, kiwango cha kwanza cha waifai, 802.11, kikatoka 1997, vifaa vikashuka bei, wewe na mimi tukaweza kuingia. Lakini mlango uliokuingiza wewe umemuingiza na mwenzako. Angalia Ubiquiti, kampuni ya vifaa hivi vya wayalesi, ilianzishwa na Robert Pera aliyekuwa mhandisi wa Apple, ikauza vifaa kwa bei ya chini bila jeshi la watu wa mauzo, ikategemea watumiaji wenyewe kuelekezana, na 2011 ikaingia soko la hisa. Vifaa vyao wewe unavyo na mpinzani wako anavyo. Kwahiyo usijitape kwa vifaa, hakuna anayehama kampuni kwa sababu ya boksi lililo juu ya paa.

Sasa hao wakubwa. Usishindane nao bei, nasema tena usishindane bei na mtu ambaye hela yake inatoka kwingine. Kampuni ya simu ya Jio walivyoingia India Septemba 2016 walitoa data na simu bure kwa miezi kadhaa, nyuma yao kuna Reliance yenye viwanda vya kusafisha mafuta. Waliokuwepo wakayumba, Vodafone na Idea wakaungana 2018, Aircel mwaka huohuo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Hizo zilikuwa kampuni kubwa kabisa, wewe na minara yako miwili?

Mfano wa kuiga ni T-Mobile ya Marekani. 2011 ilikuwa ya nne sokoni, AT&T wakataka kuinunua, serikali ikapinga, dili likafa Desemba, na mwenye T-Mobile, Deutsche Telekom ya Ujerumani, akalipwa fidia ya dola bilioni 3 taslimu, T-Mobile yenyewe ikapata masafa. 2013 wakaamka wakaanza kufuta kimojakimoja vitu ambavyo wateja wanavichukia, wakaanzia na ile mikataba ya miaka miwili. Minara yao haikuwa bora kuliko ya wenzao kipindi kile. Waliuliza tu watu wanachukia nini. Kwahiyo kaa na wateja 20, wa kwako na wa kwao, uwaulize kwenye intaneti unayolipia nini kinakukera. Ninavyojua mimi utasikia haya: wanapiga simu hawapokelewi, bili ina vitu wasivyovielewa, bando linaisha hawajui limeliwa na nini, fundi anasema anakuja leo anakuja wiki ijayo. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mabilioni kukirekebisha.

Anza na ujumbe wa simu. Mnara ukizimika mtumie mteja ujumbe kabla hajakutafuta, mwambie umezimika, tunashughulikia, saa ngapi utajua zaidi. Watu wanavumilia mtandao kukatika, wasichovumilia ni kuachwa gizani. Pili, malalamiko mengi ya net iko slo yanatoka ndani ya nyumba, ruta imefichwa nyuma ya tv au kabatini, linki ya juu ya paa haina shida yoyote. Toa ruta yako mwenyewe unayoweza kuiona ukiwa ofisini, utapunguza safari za fundi kwa kiasi cha kushangaza.

Tatu, na hii wengi wanairuka, dhibiti foleni. Mtu mmoja akipakia mafaili makubwa nyumba nzima simu za video zinakatakata hata kama spidi ipo, sababu vifaa vinarundika data kwenye foleni ndefu. Pima pingi, yani muda data inaotumia kwenda na kurudi, wakati laini imejaa, siyo ikiwa tupu. Ikipanda kutoka milisekunde 20 kwenda 400 umepata mchawi wako. Dawa ni fq_codel au CAKE, programu za kupanga hiyo foleni, ni za bure, na ruta za MikroTik zinazo tangu RouterOS 7, yani toleo la 7 la programu yao. Kazi ya siku mbili tatu, na wateja watadhani umeongeza spidi.

Kwa juu kule unakonunua intaneti, usitegemee mlango mmoja. Ukishafika wateja mia kadhaa tafuta wauzaji wawili ambao nyaya zao hazipiti mtaro mmoja (waulize, watu hununua bakapu ambayo inakatwa na jembe lilelile), na ujiunge na kituo cha kubadilishana mitandao (pale kampuni za intaneti zinapounganishana moja kwa moja) kama kipo, sehemu kubwa ya video za watu itaanza kufika bila kupita kwenye laini unayoilipia kwa bei kubwa. Betri za mnara pia, zibadilishe kabla hazijafa, usisubiri zikuaibishe siku ya fainali.

Hela ya kujenga, kuna mtego. Ofa ya lipa mwaka mzima upate punguzo inaleta pesa nyingi kwa mkupuo na unajiona tajiri, unajenga mnara kwa hela hiyo, miezi minne mbele bili ya intaneti inakuja na wateja wako wote wameshalipa, hakuna kinachoingia. Ukitoa ofa hiyo, pesa yake itenge na uitumie mwezi kwa mwezi.

Mwisho kuna faiba. Itakuja tu, na itaanzia kwenye mtaa wako bora, wenye nyumba zilizosongamana na wanaolipa vizuri. Usingoje. Kwa sababu umekua kwa kujaza eneo dogo unajua mtaa upi una wateja wako 60 waliobanana, vuta faiba yako mwenyewe pale, hata kama ni mtaa mmoja tu, alafu zile antena ulizozishusha uzipeleke kwenye ile orodha ya watu uliowakataa.