Agapanthasi au Hemerokalisi: Namna ya Kuchagua Ua la Kudumu kwa Bustani ya Nyumbani

Mtu anayetafuta maua yatakayochanua kila mwaka bila kupandwa upya huenda akajikuta anasita kati ya mimea miwili ambayo, kabla haijachanua, ni vigumu kuitofautisha kwa haraka: agapanthasi na hemerokalisi. Yote miwili hufanya kichaka cha majani marefu na membamba yanayoinama nchani, na yote huinua mabua ya maua juu ya majani hayo wakati wa joto. Wauzaji wengi huiita yote yungiyungi, ingawa hakuna hata mmoja ulio wa jenasi ya Lilium, na wala haioti kutokana na tunguu, yaani shina nene la chini ya ardhi lenye umbo la kitunguu, kama yungiyungi halisi. Agapanthasi asili yake ni kusini mwa Afrika na ni jamaa wa mbali wa vitunguu. Hemerokalisi asili yake ni Asia, hasa China, Korea na Japani. Tofauti hiyo ya asili ndiyo inayoeleza karibu kila kitu ambacho mtunza bustani anahitaji kujua, na ndiyo sababu ninashauri rangi ya ua, ambayo wengi huitazama kwanza, iamuliwe mwisho.

Kinachopaswa kuamuliwa kwanza ni maji ya udongo. Chimba shimo lenye kina na upana wa sentimita 30 mahali unapokusudia kupanda, lijaze maji na uyaache yanywee yote, kisha ulijaze mara ya pili na upime maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi, mmea wowote kati ya hii miwili utaweza kuishi hapo. Yakishuka chini ya kiasi hicho, iondoe agapanthasi katika hesabu, au uipande kwenye tuta lililoinuliwa au kwenye chungu. Mizizi yake ni minene na imejaa maji, kwa hiyo huvumilia ukame vizuri, lakini ikikaa kwenye tope huoza, na huoza upesi zaidi udongo unapokuwa na baridi. Hemerokalisi haina tatizo kubwa na udongo wa mfinyanzi, mradi maji yasituame juu yake muda wote. Spishi ya Hemerocallis fulva, yenye maua ya rangi ya chungwa, hustawi hata kwenye kingo za mitaro ambako hakuna anayeitunza.

Hata hivyo, sifa ya agapanthasi ya kuvumilia ukame hueleweka vibaya mara nyingi. Ni kweli kwamba haifi kwa urahisi, lakini kutokufa si sawa na kuchanua. Matumba ya msimu ujao huanza kujengeka ndani ya mmea miezi michache baada ya maua ya msimu huu kumalizika, wakati ambapo mwenye bustani, akiona maua yameisha, huacha kumwagilia. Matokeo yake ni kichaka chenye majani mazuri na mabua mawili matatu tu mwaka unaofuata, na lawama hupelekwa kwenye mbolea au kwenye ukubwa wa chungu. Endelea kumwagilia kwa kiasi hadi baridi au majira ya mapumziko yaanze, na wakati mmea unakua tumia mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kwa kuwa naitrojeni ikizidi hunenepesha majani peke yake. Hemerokalisi yenyewe huhitaji maji zaidi pale mabua yanapochomoza na matumba yanapovimba. Ikikauka wakati huo, baadhi ya matumba hudondoka kabla ya kufunguka.

Kuhusu jua, mimea yote miwili inataka angalau saa sita kwa siku, lakini hemerokalisi ina uvumilivu zaidi. Ikipata kivuli kidogo itapunguza maua bila kuacha kabisa, na aina zenye maua mekundu sana au ya zambarau iliyokolea hunufaika na kivuli cha alasiri, kwa sababu jua kali huharibu rangi ya petali zake. Agapanthasi ikiwekwa kivulini hulaza mabua kuelekea kwenye mwanga na mara nyingi hubaki majani matupu.

Baridi nayo ina hukumu yake. Agapanthasi ziko za makundi mawili: zile zisizopukutisha majani, kama Agapanthus praecox, ambazo kwa kawaida zina majani mapana na huumizwa na barafu, na zile zinazopukutisha, kama Agapanthus campanulatus, ambazo hustahimili baridi zaidi kwa kuwa hulala chini ya ardhi. Penye barafu kali, chagua kundi la pili na ufunike kichaka kwa matandazo makavu, au weka kundi la kwanza kwenye chungu unachoweza kukiingiza ndani. Kwa hemerokalisi swali linageuka. Aina zinazolala wakati wa baridi hustahimili barafu kali, lakini mahali pasipo na baridi kabisa zinaweza kudhoofika kadiri miaka inavyopita. Huko inafaa kuuliza aina zisizopukutisha majani kabla ya kununua.

Sasa maua yenyewe. Bua moja la agapanthasi hubeba kishada cha mviringo chenye maua madogo mengi, ya buluu, ya zambarau au meupe, yanayofunguka kwa zamu, kiasi kwamba kishada hupendeza kwa majuma kadhaa bila kuguswa. Ua la hemerokalisi hudumu siku moja tu. Hufunguka, hunyauka, na jingine hulipokea zamu kesho yake, kwa kuwa kila bua hubeba matumba mengi. Hapa ndipo tabia ya mtunzaji inapopaswa kuingia katika uamuzi, kwani maua yaliyonyauka hubaki yakining'inia kando ya mapya, na katika aina zenye maua makubwa kichaka huonekana kimechakaa ilhali kimo katikati ya msimu wake. Anayependa kupita bustanini kila asubuhi na kuyachuma kwa mkono hataiona hiyo kuwa kazi; anayefika bustanini mwisho wa juma tu atatulia zaidi na agapanthasi.

Kwa upande wa rangi, hemerokalisi ina uwanja mpana kuliko ua lolote la kudumu ninaloweza kulitaja: njano, chungwa, nyekundu, waridi, zambarau, na michanganyiko yake, katika makumi ya maelfu ya aina zilizosajiliwa. Haina buluu halisi, na nyeupe zake zote zina dalili ya njano au waridi ukizitazama kwa karibu. Anayetaka mmea mfupi unaochanua zaidi ya mara moja kwa msimu anaweza kutafuta 'Stella de Oro', aina ya njano iliyosajiliwa mwaka 1975, ambayo mabua yake hayafiki hata sentimita 35. Imepandwa sana hadi wengine wameichoka, lakini umaarufu huo haukuja bure.

Wakati wa kupanda, legeza udongo hadi kina cha sentimita 30 na uchanganye mboji iliyoiva. Kwa hemerokalisi, tengeneza kilima kidogo ndani ya shimo, tandaza mizizi pande zote juu yake, kisha ufukie ili mahali majani yanapokutana na mizizi pawe sentimita 2 hadi 3 chini ya udongo. Ikizama zaidi ya hapo huchelewa kuchanua. Acha nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya mmea na mmea. Agapanthasi inaweza kukaa karibu zaidi, kwani haichukii msongamano. Ikiwa iko kwenye chungu, usiihamishie kwenye chungu kikubwa mno kwa haraka, ila usisubiri pia hadi mizizi ipasue kuta zake, maana hapo hata maji hayapenyi tena.

Kugawa kichaka ni lazima siku moja. Hemerokalisi hugawanywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano: ng'oa kichaka chote, osha udongo, tenganisha machipukizi ambayo majani yake yamepangika kama upepeo, kata majani yabaki sentimita 15 hivi, kisha panda vipande vyenye machipukizi mawili au matatu. Agapanthasi huhitaji kisu kikali au msumeno, na baada ya kugawanywa huweza kukaa msimu mzima bila ua. Usiihangaishe mpaka maua yawe yamepungua waziwazi.

Kuna tahadhari ambazo hazipaswi kuachwa. Hemerokalisi ni sumu kali kwa paka na huharibu figo zake, hata akila kiasi kidogo. Nyumba yenye paka anayetoka nje isiipande. Utomvu wa agapanthasi huwasha ngozi na mdomo, kwa hiyo vaa glavu unapoikata. Agapanthus praecox imegeuka gugu vamizi nchini New Zealand na katika sehemu za Australia, kwa hiyo mahali pasipo na baridi kali kata vishada kabla mbegu hazijakomaa. Hemerokalisi nayo ina ugonjwa wa kutu, unaosababishwa na kuvu aitwaye Puccinia hemerocallidis, ambao uligunduliwa Marekani mwaka 2000. Kagua upande wa chini wa majani ya kila mche mpya, na ukiona vipele vya rangi ya chungwa vinavyoacha unga kwenye kidole, usiununue.

Ikiwa shimo lako la majaribio limefaulu, jua linatosha na hakuna paka, hakuna sababu ya kuchagua mmoja tu, kwa kuwa buluu ya agapanthasi na njano ya hemerokalisi hupendezeshana kuliko kila moja ikiwa peke yake. Weka agapanthasi upande wa juu wa kitalu, ambako maji hukauka kwanza, na hemerokalisi upande wa chini unaobaki na unyevu, kisha mwagilia kila upande kwa ratiba yake. Usichanganye Hemerocallis fulva humo, kwa sababu husambaa chini ya ardhi kwa kasi na baada ya miaka michache itakuwa imeingia katikati ya mizizi ya agapanthasi, ambako huwezi kuing'oa bila kuing'oa na jirani yake.