Kuhamia vyumba vya uani baada ya kustaafu

Wastaafu wengi wa Tabora mjini wanafunga kazi wakiwa na nyumba ya vyumba vinne au vitano, iwe Ipuli, Cheyo au Isevya, na watoto wote wameshaondoka. Vyumba havilaliwi, bati linavuja, na pensheni ndiyo inayolipia kila kitu. Wapo wanaouza, wapo wanaorudi kijijini. Kwa maoni yetu, mwenye afya ya kawaida afanye la tatu: apangishe nyumba kubwa, ahamie vyumba viwili vya uani. Majirani wanabaki walewale, msikiti au kanisa ni lilelile, na Hospitali ya Kitete haisogei. Ila kazi hii huharibika pale mtu anapoanza na kubeba vitu kabla ya kukubaliana na watu.

Anza na mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza, kugawa, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, jina la nani liko kwenye hati haijalishi. Ridhaa hiyo iandikwe. Kisha waite watoto, wa mbali wawekwe kwenye simu, uwaeleze mambo mawili: nyumba inapangishwa na haijauzwa, na mizigo yao iliyojaa chumba cha nyuma inatakiwa kuchukuliwa kabla ya tarehe fulani. Taja tarehe. Ukisema "mkipata nafasi", yale mabegi ya shule ya bweni utahama nayo.

Panga kuhama kati ya Juni na Agosti. Mvua za Tabora hunyesha kama Novemba hadi Aprili, na plasta mpya iliyopigwa masika haikauki vizuri. Ukiegemeza kabati kwenye ukuta mbichi, mgongo wa kabati unaota ukungu ndani ya wiki chache.

Sasa vipimo. Chukua futi kamba na chaki. Chumba cha uani mara nyingi ni futi 10 kwa 10, na kitanda cha 5 kwa 6 peke yake kinameza futi 30 za mraba, karibu theluthi ya chumba. Chora kitanda sakafuni kwa chaki, chora na kabati, halafu pita katikati. Pande zote mbili za kitanda ziachwe wazi angalau sentimita 60, maana mtu wa miaka 65 anayeamka usiku kwenda chooni hatakiwi kumruka mwenzake. Ikishindikana, shukeni kwenye kitanda cha 4 kwa 6, au wekeni viwili vya futi 3 katika vyumba tofauti. Wazee wengi huona haya kulisema hili, lakini mwenye usingizi mwepesi atashukuru.

Kinacholeta kesi kubwa ni fanicha za mninga. Kabati la vyombo la zamani, la milango mitatu, lilitengenezewa mlango wa mbele wa nyumba kubwa. Mlango wa uani mara nyingi una upana wa sentimita 75 hadi 80. Usipime upana wa kabati tu. Pima kina chake, halafu pima ile kona ya ukumbini ambako litageuzwa. Kitanda ni rahisi: boliti nyingi za vitanda ni za milimita 8, spana namba 13 inazifungua. Ziweke zote kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye ubao wa kichwani. Kabati lililounganishwa kwa gundi na vigingi halifunguki bila kuumia. Kama halipiti, mwite seremala alikate vipande viwili kwenye ungio, au liache kwa mpangaji na uliandike kwenye mkataba kwamba ni lako. Kumkabidhi kijana wa kubeba na kumwambia alazimishe kunavunja mguu wa kabati na fremu ya mlango kwa pamoja. Na mninga usiuze kwa haraka. Anayekuja asubuhi na kirikuu akitaka kuchukua vyote kwa bei ya jumla anajua thamani ya ubao ule kuliko anavyokuonyesha.

Ukiliweka kabati mahali papya, linyanyue kwa vipande vya tofali na liache sentimita 5 kutoka ukutani, uweze kuona njia za mchwa zikipanda. Maboksi ya karatasi yasikae sakafuni hata siku moja.

Stoo ya chakula ipunguzwe bila huruma. Watu wawili wanaotumia nusu kilo ya unga kwa siku wanamaliza kilo 100 kwa zaidi ya miezi sita, kwa hiyo magunia manne ni mali ya nyumba ambayo haipo tena. Zaidi ya hapo kuna dumuzi, yule mdudu aliyegunduliwa nchini kwa mara ya kwanza hapahapa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hula mahindi na makopa, na ana uwezo wa kutoboa mbao pia. Gunia lenye vumbi jeupe chini yake lisiingie kwenye chumba kimoja na kabati lako.

Choo na bafu ndiko fedha zako ziende kwanza. Kiti cha choo kiwe na urefu wa karibu sentimita 45 kutoka sakafuni. Kama choo ni cha kuchuchumaa na fedha hazitoshi kubadilisha, seremala atengeneze kiti kizito chenye tundu, miguu ikiwa imetanuka chini. Pembeni pawe na bomba la kushikia, la inchi 1. Hapa mafundi wengi hukosea: wanafunga bomba kwa skrubu kwenye ukuta wa tofali za tope, nalo linang'oka siku ya kwanza mtu anapoliegemea kwa uzito wote. Fundi atoboe ukuta na kuchimbia ncha zote mbili kwa zege, au asimamishe nguzo kutoka sakafuni. Vigae vinavyong'aa msiweke. Sakafu ya saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio kabla haijakauka ni bora na ni rahisi. Mlangoni penye ngazi ya sentimita 15, mteremko wake uwe na urefu wa mita 1.8. Mfupi zaidi ya hapo ni wa kusukumia pikipiki.

Mita za umeme zitenganishwe kabla mpangaji hajaingia. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na mkishirikiana mita moja mtagombana kila tokeni inaponunuliwa. Maji nayo yawe na mita yake, au mkubaliane kiasi cha kila mwezi kwenye maandishi.

Mkataba wa pango usainiwe mbele ya mashahidi, utaje nani anatengeneza nini, nani anafagia uwanja, wageni wako wanapita geti lipi. Utaje na maembe. Ndiyo, maembe. Uwanja wa Tabora bila mwembe ni nadra, na msimu ukifika mpangaji anaamini mti uko kwake, wewe unajua uliupanda. Andikeni: mti huu wa mwenye nyumba, ule wa mpangaji, watoto wasirushe mawe upande wa bati.

Usimpangishe ndugu kwa bei ya undugu. Kama unataka kumsaidia, mpe fedha mkononi na nyumba mpe mtu wa kawaida.

Nyaraka zikae kwenye begi moja ambalo halipandi kirikuu na mizigo mingine: hati, barua ya kustaafu, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, kadi za kliniki na za bima. Ukibadilisha namba ya simu, mfuko wa pensheni na benki wajulishwe wiki hiyohiyo, maana taarifa ya uhakiki ikikupita malipo husimamishwa.

Miezi mitatu ya kwanza, kinachosumbua zaidi ni macho: utamwona mpangaji akining'iniza nguo pale ulipokuwa unakaa jioni. Hamisha baraza lako. Weka mkeka, kahawa na bao upande wako wa uwanja, na waambie wenzako waingilie geti la uani. Ukaguzi wa nyumba kubwa uwe mara moja kila baada ya miezi mitatu, kwa taarifa, ukibisha hodi kama mgeni mwingine yeyote.