Somo: Kabla mchoro wako haujafika China

Leo ni namna ya kulinda kitu ulichobuni kabla hujakipeleka kutengenezwa China. Nianze na tundu la skrubu.

Miaka kadhaa iliyopita, karakanani kwangu Mwanga hapa Kigoma, nilichonga kwa mninga kofia ya taa ya kuvulia dagaa. Wavuvi wa Kibirizi walikuwa wanaacha karabai na kuhamia taa za LED, lakini taa zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu. Maji yakirukia kidogo, swichi imekufa. Mtumbwi ukiyumba, mwanga unamulika mawingu badala ya maji. Yangu ilikuwa na mdomo uliopinda kwa chini ili tone lidondoke kabla ya kuifikia swichi, na ndoano yake ilikaa sawasawa kwenye chuma kile kile ambacho mvuvi alitundikia karabai. Nilipokuwa natoboa matundu manne ya skrubu, drili iliteleza. Tundu la nne likakaa pembeni, milimita tatu hivi. Nikajisemea nitalirekebisha baadaye.

Kijana mmoja anayechora kwa kompyuta akapima kila kitu, pamoja na lile kosa, akanipa faili. Nikalituma kwa viwanda saba vya China nilinganishe bei. Baada ya miezi minane nimeenda Kariakoo kununua waya, nikaiona taa yangu imetundikwa dukani. Rangi ya kijani, jina la mtu mwingine. Nikaigeuza. Tundu la nne lilikuwa pembeni, milimita tatu.

Watu husema niliibiwa. Siku hizi mimi sisemi hivyo. Sikuwa nimesajili chochote, sikuwa na mkataba na hata mmoja kati ya wale saba, na faili nililigawa mwenyewe kama kadi za harusi. Hatua zilizo hapa chini ndizo nilizofuata kwa taa ya pili. Zifuate kwa mpangilio huu huu, maana ukitanguliza ya tano kabla ya ya kwanza, pesa imeenda bure.

Hatua ya 1. Usioneshe.
Sheria ya China inapoangalia kama umbo la bidhaa ni jipya, haiangalii China peke yake, inaangalia dunia nzima. Video uliyopiga mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ukaiweka Facebook inahesabika. Meza uliyopanga Sabasaba inahesabika pia. Najua inauma, maana mtu akibuni kitu anatamani majirani wakione. Mpaka ombi la usajili liingie, kionwe na mkeo na fundi wako, basi. Wavuvi walionijaribia taa ya pili walikuwa wawili, tena kaka zangu, na walitoka nayo usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo. Usiku huo ndio wa kuvua dagaa, na ndio usiku ambao hakuna wa kupiga picha.

Hatua ya 2. Jua unacholinda.
Umbo ni kitu kimoja, namna kifaa kinavyofanya kazi ni kingine, na jina ni cha tatu. Namna mpya ya kufanya kazi inaombewa hataza (patent), umbo linasajiliwa kama umbo, jina na nembo vinasajiliwa kama alama ya biashara. Halafu kuna siri, yaani kile ambacho mtu hawezi kukijua hata akiifungua bidhaa. Mimi siri yangu ni gundi ya kuzibia betri, na hiyo haijawahi kutoka Mwanga.

Hatua ya 3. Sajili kule kiwanda kiliko.
Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Mtu anakwenda BRELA, wakala wetu wa usajili wa biashara, anasajili alama yake, anaweka cheti kwenye fremu, analala usingizi. Cheti ni kizuri na ukichukue, lakini nguvu yake inaishia mpakani. Haivuki hata kwenda Zanzibar, kwa sababu kule wana ofisi yao, BPRA. Sembuse jimbo la Guangdong kule China.

Kwa umbo, njia yetu inapitia ARIPO, shirika la kanda la Afrika la kusajili ubunifu, lenye makao Harare, ambalo Tanzania ni mwanachama wake. Ukishaingiza ombi la kwanza, Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda ubunifu, unakupa miezi 6 kuingiza umbo lile lile China na kuhesabiwa tarehe ya lile la kwanza. Alama ya biashara nayo ni miezi 6. Hataza ni miezi 12. Kwa umbo au alama, ukigonga mlango wiki moja baada ya miezi hiyo 6 kwisha, umechelewa.

Kule China ofisi inaitwa CNIPA. Mgeni asiye na makazi huko anapeleka ombi kupitia wakala aliyesajiliwa. Umbo linalindwa miaka 15 tangu siku ya kuomba, kwa maombi ya kuanzia tarehe 1 Juni 2021. Zamani ilikuwa 10. Ofisi hufanya ukaguzi wa awali tu, hawachimbui kwa undani kama umbo ni jipya kweli, kwa hiyo cheti hutoka mapema. Ubaya wake ni kwamba hata mwenye umbo la kuiga anaweza kukipata, ndiyo maana ni lazima uwahi.

Na jina? Hata kama hutauza kipande kimoja China, sajili jina lako China. Kule alama ni ya aliyetangulia kuomba, siyo aliyetangulia kuitumia. Kiwanda au dalali akikuwahi, mzigo wako wenye jina lako mwenyewe unaweza kuzuiwa bandarini, kwa sababu forodha ya China inakagua bidhaa zinazotoka pia, siyo zinazoingia tu. Ukilimiliki wewe, unaliandikisha forodhani na mlango ule ule unakulinda wewe.

Hatua ya 4. Mjue unayeongea naye.
Omba leseni ya biashara. Juu yake kuna jina la kampuni kwa Kichina na namba yenye tarakimu na herufi 18. Jina la Kiingereza unaloliona kwenye tovuti halina uzito kisheria, wanajipachika tu. Soma pia shughuli zilizoandikwa: kama ni kuuza na siyo kutengeneza, huyo ni dalali, na mchoro wako utapita mikono mingine usiyoijua. Akaunti ya benki nayo iwe na jina lile lile. Ukiambiwa utume kwa akaunti ya mtu binafsi, funga simu.

Bei ya awali haihitaji mchoro. Toa vipimo vya nje, uzito wa plastiki, aina ya plastiki na idadi. Kiwanda kinachojua kazi kitakupa makadirio kwa hayo tu. Kinachong'ang'ania faili siku ya kwanza, kiache.

Hatua ya 5. Mkataba wa makatazo matatu.
Mawakili wanauita NNN: asitoe siri yako nje, asiitumie mwenyewe, na asikuruke kwenda kwa wateja wako. Mkataba wa kawaida wa kutunza siri una lile la kwanza tu, wakati kiwanda hakina haja ya kumwambia mtu. Kinaweza kutengeneza chenyewe na kuuza.

Uandikwe kwa Kichina, na Kichina ndicho kiwe na nguvu pale lugha zikitofautiana. Sheria iwe ya China, mahakama iwe ya mji kiwanda kilipo. Najua mtu anajisikia salama akiandika Mahakama Kuu ya Tanzania, lakini kiwanda hakina hata kiti hapa, utakamata nini? Faini itajwe kwa namba, kiasi kadhaa kwa kila kosa, ili usihangaike kuthibitisha hasara. Mwisho ni muhuri wa kampuni, ule mwekundu wa duara. Saini peke yake, hata iwe ya kupendeza, inaacha mlango wa mtu kusema aliyesaini hakuwa na mamlaka.

Wakili wa kuandika haya analipwa, ndiyo. Mimi nililipa, nikapunguza oda kutoka taa 800 hadi 500. Sijutii.

Hatua ya 6. Kalibu ni yako.
Bidhaa ya plastiki inazaliwa kwenye kalibu, yaani chombo cha chuma kinachoipa plastiki umbo, na mwenye kalibu ndiye mwenye bidhaa. Lipia kalibu kwa risiti yake peke yake, isifichwe ndani ya bei ya kipande. Iandikwe kwamba ni mali yako, haitumiki kwa oda ya mtu mwingine, na ukiihitaji unaihamisha bila deni. Nilichongesha jina langu kwenye chuma chenyewe na nikatumiwa video.

Hatua ya 7. Gawa kazi.
Kofia natengenezesha Zhongshan, jiji la Guangdong ambalo mji wake mdogo wa Guzhen unaishi kwa taa kama Ujiji unavyoishi kwa samaki. Saketi inatoka kiwanda kingine. Mpira wa kuzuia maji, wa tatu. Kuunganisha na gundi ni hapa Mwanga, na lebo zenye namba nachapisha mwenyewe. Kiwanda cha kofia kikifanya kazi ya ziada zamu ya usiku, kitapata kofia tupu.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Kasulu, anayefungasha mawese: Nina umbo langu la chupa, lakini fedha ya yote hayo sina. Nianze na lipi?*
Dada yangu, anza na ya kwanza, ni ya bure. Halafu jina, sajili BRELA na China. Chupa wataiga, lakini mteja wako wa mawese anarudi kwa jina. Mkataba ufuate siku unapotaka kutuma mchoro. Umbo sajili kama chupa yenyewe ndiyo inayouza, siyo mafuta yaliyomo. Nadhani kwako ni mafuta.

*Kaka wa Ujiji: Nilipakua mkataba wa siri wa Kiingereza mtandaoni, kiwanda kikasaini siku hiyo hiyo bila swali. Inatosha?*
Hapana. Na ile kusaini bila swali ingekushtua. Angalia jina lililosaini: kama ni la Kiingereza na hakuna muhuri, una karatasi tu. Tafuta wa Kichina kabla hujatuma kingine.

*Mzee wetu wa Uvinza: Kwa nini kwenda mbali kote huko? SIDO, shirika letu la viwanda vidogo, si wapo hapa?*
Shikamoo mzee. Kweli kabisa, na ndoano ya taa yangu ni chuma cha hapa hapa. Kofia ya plastiki ndiyo ilinishinda, kalibu yake sikupata wa kuichonga kwa kiwango nilichotaka. Kitu cha chuma, mbao au ngozi, nisingekipeleka popote.

*Mama wa Kibirizi: Na kopi zikishaingia nchini, nashtaki wapi?*
Mama, FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndio wanaokamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Peleka cheti cha alama yako, risiti ya kopi uliyoinunua na kopi yenyewe. Ila wanachokamata ni kitu kilichovaa jina lako. Kile cha kijani nilichokiona Kariakoo kilikuwa na jina lake, hivyo sikuwa na pa kushika.

*Kijana anayevusha bidhaa ng'ambo ya ziwa: Usajili wangu wa hapa unafika Bujumbura na Kalemie?*
Haufiki. Kila nchi ina ofisi yake na ada yake. Chagua kule unakouza kweli, siyo unakoota kuuza.

*Kaka wa Ujiji tena: Na lile tundu, umelinyoosha?*
Kwenye kalibu mpya limenyooka. Nimeweka kosa lingine, dogo, halidhuru kitu, na nimelipiga picha lenye tarehe. Liko wapi, hilo hata kijana aliyechora faili hajui.