Jinsi ya kukagua uwanja kama unaweza kubeba AFCON, kwa wana Dodoma

AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, tunaandaa sisi Tanzania, Kenya na Uganda, hiyo ilipita tangu Septemba 2023. CHAN ya 2024 (ile ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa 2025) mechi za kwetu zilipigwa kwa Mkapa, Dar, na Amaan, Zanzibar, sasa kila kijiwe hapa Dom watu wanabishana kwani sisi tunakosa nini. Acha kubishana, siku timu yetu Dodoma Jiji wanacheza uwanja wa Jamhuri ingia ukague mwenyewe.

Anza na pa kukaa. Kila mtu ana kiti chake chenye namba? Zege la kubanana halihesabiki, hata mkijaa mpaka getini. Halafu nyasi, na hapa ndo tulie kidogo: kipimo cha mita 105 kwa 68 sio ishu sana, we angalia mbele ya goli na ule mstari anaokimbia mshika kibendera, maana kiangazi chetu hakuna tone la mvua kuanzia Mei mpaka karibu Desemba, bila maji ya uhakika pale panabaki vumbi jekundu tu.

Taa, vyumba vya kubadilishia, chumba cha VAR (waamuzi wa video), uliza wahusika.

Ukitoka nje hesabu viwanja vya mazoezi, wengi wanavisahau hivi, timu haziwezi kufanyia mazoezi uwanja wa mechi kila siku. Hoteli zipo siku hizi, na treni ya SGR toka 2024 imetuokoa sana, Dar unaenda na kurudi bila kuumia mgongo.