Kabla Hujajiandikisha Digrii ya Miaka Miwili Mtandaoni: Kwa Mbeba Boksi Aliye Marekani

Simu nyingi hunijia Jumapili jioni. Mtu amechoka kubeba boksi, au amechoka kugeuza wazee kitandani usiku kucha. Ameona tangazo la chuo linalosema atasoma akiwa sebuleni kwake mpaka apate digrii, na anataka nimwambie chuo hicho ni kizuri au kibaya. Mimi humuuliza kwanza: ukishaipata, unaenda nayo wapi? Hapo simu hunyamaza kidogo.

Digrii yenyewe ni ile ya miaka miwili, asosieti kama wanavyoiita hapa. Ni krediti 60 hivi (krediti ni kipimo cha ukubwa wa kozi), na hutolewa zaidi na vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya ada nafuu. Kikongwe kati yao ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Mtanzania ataifananisha na stashahada, na kwa mazungumzo ya sebuleni inatosha. Ila hapa utaandika insha, utafanya hesabu na utasoma saikolojia hata kama ulichofuata ni kompyuta. Wengi hukasirika wakiona hivyo. Lakini masomo hayo ya jumla ndiyo yanayokubalika kirahisi ukihamia chuo kikuu, kwa hiyo usiyaone kama kodi.

Je, inalipa? Takwimu za kazi za serikali ya Marekani za mwaka 2023 zilionyesha kwamba mfanyakazi wa kutwa aliyeishia sekondari alipata dola 899 kwa wiki, kwa kipimo cha katikati. Mwenye digrii ya miaka miwili alipata 1,058, na mwenye shahada ya kwanza 1,493. Dola 159 za nyongeza si haba, ila kipimo cha namna hiyo humweka kapu moja mtaalamu wa usafi wa meno, anayelipwa vizuri sana kwa digrii hii hii, na mtu aliyesoma "masomo ya jumla" ambaye bosi wake wa ghalani hajamwongezea hata senti. Halafu tazama mruko mkubwa uko wapi: uko kati ya asosieti na shahada ya kwanza. Ndiyo maana nauliza unaenda nayo wapi.

Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha herufi za kutafuta kwenye jina la digrii. Kuna A.A. (asosieti ya sanaa) na A.S. (ya sayansi), zilizotengenezwa ili umalizie mwaka wa tatu na wa nne chuo kikuu. Kuna A.A.S. (ya sayansi ya vitendo, "Applied"), iliyotengenezwa ili uingie kazini moja kwa moja. Hiyo "A" ya katikati imewaliza watu. Mwenzangu mmoja kutoka Uvira alimaliza A.A.S. kwa alama nzuri, akaenda chuo kikuu, akaambiwa kwamba zaidi ya nusu ya krediti zake hazina pa kuingia. Hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Kabla hujajiandikisha, fungua tovuti ya chuo kikuu unachokitamani baadaye, tafuta makubaliano yake ya kupokea wanafunzi kutoka chuo chako cha jamii, na uyasome kozi kwa kozi. Ukiona hayapo, andika barua pepe uulize. Jibu la maandishi lihifadhi. La simu husahaulika na aliyelitoa kabla yako.

Kwa kazi za leseni, usianze na chuo kabisa. Anza na bodi ya leseni ya jimbo unaloishi. Hapa nawasemea hasa wenzetu walio CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi, maana nusu ya simu zangu ni zao na wote wanataka uuguzi. Ndiyo, ukiwa na digrii ya miaka miwili ya uuguzi unaruhusiwa kufanya mtihani wa NCLEX-RN na kuwa muuguzi kamili. Lakini uuguzi hausomwi wote sebuleni: saa za wodini ni za ana kwa ana, na tangazo linalokwepa kutaja jambo hilo likwepe nawe. Kinachowezekana kwa mtandao ni kutanguliza Kiingereza, saikolojia na takwimu, pamoja na anatomia pale ambapo maabara ya mtandaoni inakubaliwa, kisha ukaombe nafasi kwenye programu yenyewe, ambayo mara nyingi ina foleni. Angalia pia ukomo wa masomo ya sayansi. Programu nyingi hazipokei anatomia iliyosomwa zamani, kwa hiyo ukiyatanguliza mno utayarudia. Wanaofuata kompyuta, uhasibu au usaidizi wa kisheria wana afadhali, kwa kuwa fani hizo husomeka mtandaoni mwanzo hadi mwisho.

Sasa ithibati, yaani chuo kuidhinishwa na shirika linalokagua ubora wake. Chuo kusema kina ithibati haitoshi; uliza kimeipata kwa nani. Vyuo vikuu vingi hupokea krediti za vyuo vyenye ithibati ya mashirika ya zamani ya kikanda, kama Higher Learning Commission, Middle States au SACSCOC. Tangu 2020 serikali kuu haitofautishi tena ya kikanda na ya kitaifa, lakini ofisi za udahili bado zinatofautisha, na hao ndio watakaoshika faili lako. Kumbuka ITT Technical Institute, iliyokuwa na matawi zaidi ya 130 na matangazo kila kituo cha televisheni. Ilifungwa Septemba 2016, na wanafunzi wake wakabaki na krediti ambazo vyuo vingi havikuzitaka. Ilikuwa na ithibati, na aliyeitoa alikuwa ACICS, shirika ambalo lenyewe lilikuja kunyang'anywa utambuzi. Wizara ya Elimu ya Marekani ina orodha ya bure mtandaoni ya vyuo na walioviidhinisha. Itakuchukua dakika tano. Na chuo kinachokupigia simu mara nne kwa siku kikikuita "rafiki yangu" kina mtu anayelipwa kupiga simu hizo. Chuo cha jamii cha mtaani kwako hakitakupigia hata mara moja, na utalalamika kwamba hakikujali.

Kwenye karatasi ndipo sisi wageni tunapokwama kuliko popote. Anza na jina lako. Aliyepitia kambi ya Nyarugusu au Kakuma anajua: jina la baba limekuwa la kwanza, herufi moja imeongezeka, tarehe ya kuzaliwa imekuwa Januari mosi kwa sababu karani hakuwa na nyingine. Fomu ya serikali ya kuombea msaada wa masomo, FAFSA, hulinganisha jina na tarehe na kumbukumbu za Social Security. Vikipishana, ombi husimama hapo hapo. Rekebisha miezi kabla, usisubiri wiki ya mwisho ya Agosti.

Kisha vyeti. Matokeo ya kidato cha nne au cha sita, KCSE, au diploma ya taifa ya Kongo, baadhi ya vyuo huyapokea yalivyo. Vingine hutaka yatathminiwe na mashirika ya kutathmini vyeti vya nje kama WES au ECE, na cheti cha Kifaransa lazima kitafsiriwe. Uliza chuo kinakubali nani kabla hujalipa. Aliyepoteza vyeti vitani, au hakumaliza sekondari, ana njia ya GED: masomo manne, na kila moja linataka alama 145.

Wenye shahada ya kwanza kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi, ngojeni kwanza. Msaada wa Pell, yaani pesa za masomo za serikali kuu zisizorudishwa, hapewi mtu mwenye shahada ya kwanza, hata kama aliipata nje ya Marekani. Nimeona mwalimu wa fizikia akijiandikisha upya kama vile hajawahi kuona darasa, eti kwa sababu shahada ya Afrika haihesabiwi. Huhesabiwa mara nyingi kuliko tunavyodhani. Itathminiwe kwanza, huenda kinachokosekana ni kozi tano tu au mtihani wa leseni.

Na usikubali kusomea kile unachokijua tayari. Mitihani ya CLEP hukupa krediti bila kukaa darasani, kama chuo chako kinaikubali. Ipo ya Kifaransa, kwa hiyo Mkongomani aliyesomea Bukavu anaweza kuvuna krediti kadhaa kwa asubuhi moja. Kiswahili hakimo kwenye CLEP, lakini mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la walimu wa lugha za kigeni, unacho. Lugha ya mama kukupunguzia muhula ni raha ambayo sikuitegemea.

Fedha zinafuata hadhi yako ya uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi, au aliyekwisha kupewa hifadhi anaweza kuomba Pell. Anayesubiri jibu la hifadhi bado. Kwa mwaka wa masomo 2025–26, Pell inafika dola 7,395. Ada ya kawaida ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo hilo ilikuwa kama dola 4,050 kwa mwaka 2024–25, kwa wastani wa nchi. Maana yake ni kwamba mtu wa kipato cha ghalani anaweza kusoma bila mkopo kabisa, na anayekusukumia mkopo mkubwa kwa digrii ya miaka miwili ana la kujibu. Tennessee tangu 2018 na Michigan tangu 2021 zina mpango wa kuwalipia ada watu wazima wasio na digrii, ilimradi wametimiza masharti ya ukazi, na Massachusetts ilifungua mlango kama huo kwa wakazi wake. Uliza pia kazini. Amazon ina mpango wa Career Choice, ambao mfanyakazi wa kulipwa kwa saa huanza kuufaidi baada ya siku 90, na mwajiri yeyote anaweza kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Wenye viza ya F-1 wana kanuni nyingine: katika mzigo wao wa lazima, kozi moja tu ya mtandaoni ndiyo huhesabiwa kila muhula. Digrii ya mtandaoni yote si yao.

Muda ndio watu huukadiria vibaya. Krediti moja ni kama saa tatu za kazi kwa wiki, kwa wiki kumi na tano. Kozi mbili za krediti tatu tatu ni saa kumi na nane, ukiweka na usomaji wa nyumbani. Jumlisha na shifti za saa kumi na mbili, safari, watoto, na ibada. Kozi za wiki nane zinavutia kwa ufupi wake, lakini kazi ni ile ile iliyobanwa nusu ya muda, kwa hiyo mbili kwa pamoja ni kama kazi nyingine ya kutwa. Ushauri wangu, na wengi hawaupendi: muhula wa kwanza chukua mbili, moja ikiwa nyepesi. Ukienda kwa krediti kumi na nane kwa mwaka utamaliza kwa miaka mitatu na kidogo. Hiyo miaka itapita hata usiposoma.

Saa nazo zina mtego kwa tuliokulia Kiswahili. Kazi nyingi hufungwa 11:59 PM, yaani saa sita usiku kasoro dakika moja, na hilo halina shida. Shida ni mwalimu anayeandika Jumanne, 12:00 AM. Hiyo si Jumanne usiku. Ni usiku wa kuamkia Jumanne, ule ambao wazee wa pwani huuita usiku wa Jumanne kwa kuwa kwao siku huanza jua likizama. Bibi yangu wa Tanga angeielewa saa hiyo upesi kuliko mimi niliyepoteza jaribio zima. Na kama chuo kiko jimbo jingine, saa ni za chuo, si za kwako.

Vifaa: simu haitoshi. Mitihani mingine husimamiwa kwa kamera na programu inayofunga kila kitu kingine kwenye kompyuta, na si kila laptopu ya bei rahisi huikubali. Uliza chuo kama kinaazima kompyuta, vingi vinaazima. Maktaba ya mtaa ina intaneti, lakini mtihani wa kamera unataka chumba chenye mlango unaofungika. Kaa na watu wa nyumbani mapema, uwaambie kwamba unayeonekana umeketi mezani hauko huru kwenda kumpokea shangazi uwanja wa ndege.

Jua pia mlango wa kutokea kabla hujaingia. Ukiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada wa serikali kuu hurudishwa, na huenda chuo kikakudai wewe. Kozi uliyoiacha bado huhesabiwa kama uliyojaribu, na ukiacha nyingi msaada husimama. Andika mahali tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila kulipa. Huwa ni siku chache tu tangu muhula kuanza.

Wiki hiyo ya kwanza ina jambo jingine dogo. Kuingia tu kwenye mfumo hakuhesabiwi kuwa umehudhuria. Lazima ufanye kitu cha masomo: jaribio, zoezi, au hata lile chapisho la kujitambulisha kwa wenzako. Asiyefanya huweza kuondolewa darasani na msaada wake ukafutwa, huku yeye akidhani bado hawajaanza. Kwa hiyo omba mapumziko kazini siku muhula unapofunguka, na ubadilishane shifti sasa hivi na yule mwenzako anayekudai Krismasi.