SOMO: Kwa nini 4294967297 si namba tasa (kalamu na karatasi tu)

Wakuu, swali hili nimelijibu inboksi mpaka vidole vinauma. Atakayeuliza tena namwelekeza hapa.

Namba yenyewe ni 2^32 + 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa. Mwaka 1732 mwenzake wa baadaye, Euler, akaonyesha kwamba 641 inaigawanya bila baki.

1. 641 = 5 × 2^7 + 1.

2. 641 = 5^4 + 2^4. (625 na 16, jumlisha mwenyewe.)

3. Kwa hatua ya 1, 5 × 2^7 ikigawanywa kwa 641 baki ni −1 (yaani imepungua 1 tu kugawanyika). Pandisha yote kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28, baki 1.

4. Hapa ndipo nilipochemka. Hatua ya 2 inaturuhusu kuitoa 5^4 na kuweka hasi 2^4. Mimi niliidondosha hiyo hasi, nikatangaza mbele ya darasa la tuisheni kwamba 641 inagawanya 4294967295. Dogo mmoja akatoa simu, akagawanya, darasa likaangua kicheko. Alama hiyo izungushie duara. Halafu (2^7)^4 ni 2^28, si 2^11: vipeo hapa vinazidishwa. Na ile 5 imo ndani ya mabano, nayo inapanda.

5. Basi −2^32 ina baki 1, 2^32 ina baki −1. Ongeza 1, baki 0.

Asiyeamini azidishe 641 × 6700417.

MASWALI

— Mkuu, kikokotoo changu kinaleta 4.29 na herufi E. Namba yako ina kasoro.
— Kioo chako ndicho kifupi. Kichwa kimesema kalamu.

— Sijasoma yote. Ni tasa au si tasa?
— Hata kichwa cha somo hukusoma?

— Samahani mwalimu, Euler aliifikiaje 641? Alijaribu zote?
— Swali zuri sana, dada. Alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii ni kigawe cha 64 ukiongeza 1. Tasa za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641: anaipata kwenye jaribio la tano! Mwaka 1878 mwanahisabati Lucas akabana zaidi, 64 ikawa 128. Zinabaki 257, kisha 641. Kwa njia hiyohiyo jaribu 6700417. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, kwa hiyo una 257, 641, 769, 1153 na 1409 tu. Zote zinaacha baki, basi ni tasa.

— Programu yangu inasema 2^32 + 1 = 1.
— Unatumia biti 32. Zinaishia 4294967295 kisha zinarudi 0, kama mita ya gari kuukuu. Weka biti 64.

— Na hiyo 4294967295 uliyochekewa, vigawo vyake?
— 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Hizo ndizo tasa zote za Fermat (2^n + 1, n ikiwa 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili) zinazojulikana. Mwanahisabati Gauss alionyesha mwaka 1796 kwamba umbo sawa la pande 17 linachoreka kwa rula na bikari, na kwa kanuni yake ya kuzidisha tasa za Fermat zilizo tofauti, hata la pande 4294967295 linawezekana.

— Nina bikari. Naanza na la pande 5.
— Anza, ukikwama kwenye 17 njoo.